Mkwe Aliyeteremkia Jangwani

Siku ile tulikuwa sita, na nawataja wote ili asije mtu akasema nimemsahau au nimemwongeza. Nilikuwepo mimi, mzaliwa wa kwanza. Alikuwepo mdogo wangu wa mwisho, msichana, aliyekuja likizo ya wiki moja kutoka Malta, anakofanya kazi ya kutunza wazee. Alikuwepo mama wa mchumba wake, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa Valeta, mji mkuu wa kisiwa hicho. Alikuwepo mwenye duka la vitenge barabara ya Uhuru, mtu wa Kilimanjaro, ambaye sisi tunaofanya kazi Kariakoo tunamwita Mangi kama tunavyowaita wenzake wote. Na ng'ambo, Kigamboni, kwenye nyumba ninayopanga, walikuwepo mjomba wetu aliyekuja kwa basi kutoka Masasi, na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa anasimamia sufuria. Wengine wote niliokutana nao siku hiyo ni watu wa njiani.

Huyo mama mkwe sikumpenda tangu uwanja wa ndege. Nilimwamkia shikamoo, mdogo wangu akamfafanulia, naye akatazama saa yake. Njia nzima kwenda hotelini alishika begi lake kwa mikono miwili kana kwamba mimi na dereva tuna mpango. Asubuhi yake nilimletea machungwa. Akayaosha kwa maji ya chupa, mara mbili, kisha hakuyala. Nami nina yangu: mtu akinionyesha dharau siku ya kwanza, siku ya pili simsaidii kuificha.

Lakini nilikuwa namhitaji. Siku ile, saa nane mchana, alitakiwa aketi mbele ya mjomba. Kwetu Wamakua mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno juu ya binti ni mjomba wake. Wazazi wetu hawapo tena. Mchumba mwenyewe alikuwa amenaswa na kazi, akapendekeza wazungumze kwa simu, waonane kwenye kioo. Mjomba akasema, "Mimi sitoi mtoto kwa simu. Aje mtu mzima wa kwao, nimwone, anione, tule pamoja." Mdogo wangu naye akasema bila neno la mjomba haolewi, na alipanga kusafiri kesho yake asubuhi. Kwa hiyo ilikuwa siku ile au basi. Mkwe asipofika Kigamboni, mdogo wangu angerudi Malta kama alivyokuja, na mimi namjua, angebaki hivyo.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana bila hiyo kilichotokea hakieleweki.

Baba alikufa, na kabla masika hayajaisha mama akamfuata. Nilikuwa kidato cha pili. Nilirudisha vitabu vya shule, nikaenda Mchikichini kuuza viatu vya mitumba. Naosha, napaka rangi, naingiza magazeti ndani visimame. Wadogo zangu walisoma. Baadaye miguu ilinizoea mitaa, nikahamia Kariakoo, nikawa winga.

Winga hana duka. Mgeni anashuka na orodha yake, ametoka Lubumbashi, ametoka Moroni, ametoka Lilongwe, hajui mtaa wa Kongo uko wapi wala wa Narung'ombe uko wapi, na akisimama kuuliza katikati ya njia anakanyagwa. Winga anamchukua. Anampeleka kwenye duka la mashuka, anampeleka kwenye duka la vyombo, anamtafutia mbeba mzigo asiyekimbia na mzigo. Mgeni hanilipi kitu. Mwenye duka ndiye anaongeza kidogo kwenye bei, na mgeni akishatoka ile ziada inakuja kwangu. Tunaiita cha juu. Wageni wengi wanajua na wananyamaza, wengine hawajui. Siitetei wala siiombei radhi. Imelisha watu watatu.

Sasa, mwenye duka anajuaje kwamba aongeze? Hatusemezani, kwa kuwa mgeni yupo hapo hapo. Anatazama mlango. Winga hutangulia, mgeni akafuata. Ukija na ndugu yako au rafiki yako, mnaingia bega kwa bega, au unamtanguliza yeye, na hapo mwenye duka anataja bei yenyewe. Ndivyo tulivyokuta wenzetu wanafanya, na ndivyo tunavyofanya. Hakuna aliyefundishwa darasani.

Asubuhi ile tulikutana hotelini saa tatu. Mila ilikuwa imebaki moja: anayekuja kuomba binti haingii mikono mitupu, anakuja na kitenge cha kutandika mbele ya mjomba, kilichonunuliwa kwa mkono wake na kwa fedha yake. Nilimwambia mdogo wangu amweleze mama mkwe wake kwamba tutakwenda Uhuru, ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, afunge begi mbele, asisimame ghafla, na akitaka kitu aniambie mimi.

Mkwe akatoa simu, akafungua ramani. "Anasema anaona njia," mdogo wangu akatafsiri. "Anasema kwao watalii wanaokwenda na mtu wa kuwaongoza ni wavivu."

"Mwambie hapa wanaokwenda na ramani wanaibiwa ramani."

"Dada, siwezi kumwambia hivyo."

"Basi mwambie tunashukuru."

Tulipita Mnazi Mmoja, tukaingia. Yeye alitembea kwa kasi, mwavuli umefungwa mkononi kama fimbo. Miguu alikuwa nayo, sitamnyima. Mdogo wangu alinieleza kwamba Valeta ni mji wa ngazi, barabara nyingine ni ngazi tupu juu mpaka chini, na wazee wa kule wana mashavu ya miguu kama wacheza mpira. Mkwe akasikia jina la mji wake, akataka kujua tunasema nini. Akaanza kujisifia. Mji wao ulipangwa kabla ya kujengwa. Barabara zimenyooka kama mistari ya daftari. Mgeni hapotei kule hata akitaka, kwa sababu akichanganyikiwa anafuata mteremko tu, na mteremko wowote unampeleka baharini, na akifika baharini ameshajua alipo. Hapa je? Nani aliupanga mji huu?

"Mwambie hakuna," nikasema. "Tuliukuta umemwagika."

Mdogo wangu alicheka. Mkwe hakucheka. Mkokoteni ukaja nyuma yetu, umejaa mabalo ya nguo, na msukumaji anapiga kelele, "Mzigo! Mzigo! Pisha mama wa Ulaya, mzigo hauna breki!" Mkwe hakupisha. Aligeuka, akaupiga mkokoteni kwa mwavuli, paa, kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Msukumaji akashangaa mpaka akasimama. "Winga, huyu umemtoa wapi? Mrudishe kabla hajauma mtu!" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, na mkwe akaniona nikicheka.

Tatizo la kutembea na mzungu Kariakoo, kwa mtu wa kazi yangu, ni kwamba kila mtu anakupongeza. Vijana wa viatu, "Leo umevua papa, dada!" Mama wa chupi na sidiria, "Usimmalize peke yako, mlete na huku." Nilikuwa najibu kama ninavyojibu siku zote, kwa utani, huku natembea. Miguu ilikuwa kazini, na mdomo ulikuwa kazini. Hapo ndipo nilipojisahau. Tulipofika kwa Mangi nilipanda kile kingazi cha mlangoni mimi kwanza, nikaingia, nikasema, "Mangi, habari za asubuhi," nao wakaja nyuma yangu.

Mangi akatazama mlango.

Alitandaza vitenge mezani vya kutosha kufunika nyumba. Mkwe alivishika kwa vidole viwili, akavivuta kuona kama vinafumuka, akavinusa. Akachagua kimoja cha buluu chenye maua ya njano, doti mbili. Mangi akataja bei. Niliisikia ile bei, na ninajua bei ya kitenge kile kama ninavyojua umri wangu. Hapo ningeweza kusema, Mangi, huyu ni mkwe wetu, punguza. Maneno hayo hayana uzito. Sikuyasema. Nilijiambia kwamba kutoa kasoro mbele yake ni aibu, nitamaliza na Mangi baadaye. Na pia, kwa kuwa naandika ukweli, nilikuwa na hasira naye, na sehemu moja ya moyo wangu ilisema, alipe.

Alilipa. Wakatoka yeye na mdogo wangu. Nikabaki nyuma hatua tatu, kama ninavyobaki siku zote, na Mangi akanisukumia noti mbili za elfu kumi kiganjani.

"Haya winga, chako hicho. Mzungu mwepesi huyu, mlete tena."

Mkono wangu ukapokea. Sitasema mkono ulijipokelea wenyewe. Ni wangu.

Nikageuka. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesahau mwavuli wake juu ya meza ya vitenge, amerudi kuufuata. Nyuma ya bega lake kulikuwa na uso wa mdogo wangu.

Mangi ni mtu mwema, alijaribu. "Chenji, chenji hiyo," akasema, akitabasamu. Mkwe hakumtazama. Alipita, akachukua mwavuli, akarudi mpaka mbele yangu, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Kiingereza changu ni cha dukani. Najua rangi, najua saizi, najua bei ya mwisho, na najua neno mwizi, kwa sababu wateja hulitumia.

"Anasema nini?" nikamwuliza mdogo wangu, nipate muda.

"Anasema amechoka." Kisha akaninong'oneza kwa Kiswahili, kana kwamba Mangi hayupo, "Dada. Hata leo? Hata mimi?"

Nilianza kumweleza habari ya mlango. Nilisema, nilitangulia tu, nimezoea, nilijisahau. Yeye ndiye niliyemlisha kwa cha juu hicho hicho, analijua jambo hili toka utoto, akaelewa mara moja. Lakini kuelewa si kusamehe. Akasema, "Ulisikia bei, ukanyamaza."

Tulipotazama barabarani mkwe hakuwepo.

Kariakoo mtu akikupotea dakika moja amepotea. Pale Uhuru watu wanapita kama maji ya mvua kwenye mfereji. Tulipiga simu yake, ikaita, ikakatwa. Tukapiga tena, ikakatwa upesi zaidi. Saa yangu ilisema saa tano na robo. Mdogo wangu alianza kulia, nikamwambia kwa ukali anyamaze, maana kulia Kariakoo kunaita watu, na watu wakija wanasimama njiani.

"Amerudi hotelini," akasema.

"Hotelini atakwenda kufanya nini?"

"Kufunga mizigo. Dada, atabadilisha tiketi, ataondoka leo. Mjomba nitamwambia nini?"

Nilimtuma akae kituo cha mwendokasi cha Fire, juu pale barabara ya Morogoro, kwa kuwa magari ya kwenda mjini na Kivukoni yote yanapita pale, na mkwe akiamua kurudi kwa akili zake anaweza kutokea hapo. Mimi nikaenda kuuliza.

Kuna kanuni ya kuuliza njia Kariakoo ambayo wageni hawaijui. Usimwulize anayetembea, atakudanganya ili akupite. Mwulize aliyekaa. Aliyekaa ameona kila kitu tangu asubuhi na hana wa kumsimulia. Nikaanza na fundi viatu wa kona ya Msimbazi, mzee.

"Shikamoo baba. Umeona mzungu, mama mtu mzima, ana mwavuli?"

"Marahaba. Yule mwenye hasira?"

"Huyo."

"Kapita. Kanipa mgongo. Kaenda huko," akaelekeza nyundo upande wa kaskazini. "Ni wako?"

"Ni mkwe wetu."

"Poleni," akasema, akaendelea na soli yake.

Mama wa vitumbua mbele kidogo naye alimwona. Alikuwa ameuliza kitu, akiashiria mbele kwa mwavuli, akisema neno moja tena na tena. "Anasema si, si, si," mama yule akaniambia. "Nikasema kama hutaki kitumbua si lazima unigombeze." Muuza maji wa mtaa wa pili akasema mama huyo hana ramani, simu kaiweka begini, anatazama barabara zinavyolala.

Hapo nikaelewa. Alikuwa ameamua kutoniuliza mimi wala mtu yeyote. Alikuwa anatembea Kariakoo kama anavyotembea kwao. Lile si lake ni bahari kwa Kiingereza: anatafuta bahari, maana Kigamboni ni ng'ambo ya bahari, kivuko kiko baharini, na kwao bahari iko chini ya kila mteremko. Sasa Dar ni mji wa tambarare. Ukitoka Kariakoo kwenda Kivukoni huoni mteremko wa maana. Mteremko ulio wazi, ambao hata mtoto anauona, ni ule wa barabara ya Morogoro unaoshuka Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi. Chini kule maji yapo. Lakini si bahari.

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu niwe na wadogo zangu wa kuwahi shule. Njia nzima nilikuwa namtukana kimoyomoyo, na kila nikifika kona namwombea.

Nilimkuta pembeni mwa bonde, mahali lami inapoishia na tope linapoanza. Amesimama wima, viatu vimezama, mwavuli amekita chini, anatazama matete na maji meusi ya Msimbazi yaliyobeba chupa za plastiki. Kwenye kijiwe cha bodaboda cha karibu vijana wanne walikuwa wamelala juu ya pikipiki zao kwa kicheko.

"Bibi, boti ya Zanzibar imeshaondoka!"

"Bibi, ogelea tu, Kigamboni ipo nyuma ya yale matete!"

"Kauliza bahari," mmoja akanieleza, akipangusa machozi. "Tukamwambia ndiyo hiyo."

Niliwageukia. Niliwauliza, mama zao wangekuwa Ulaya wamesimama kwenye tope, wangependa wachekwe na watu wa namna yao? Wakasema, "Poa, dada, utani tu." Mmoja akateremka, akaleta jiwe, akaliweka mkwe apande atoke kwenye tope. Mkwe alilikataa jiwe. Alitoka kwa miguu yake, kiatu kimoja kikabaki, akageuka, akakivuta kwa mpini wa mwavuli, akakivaa na tope lake.

Tulibaki tukitazamana. Mdogo wangu hayupo, hakuna wa kutafsiri, na pengine ilikuwa heri.

Akaongea polepole, neno moja moja, kama unavyoongea na mtoto mkaidi. Nilielewa. Alisema, wewe unauza wageni.

"Ndiyo," nikajibu kwa Kiingereza changu. "Kazi."

Na leo?

"Leo pia."

Nilitaka kumweleza habari ya mlango. Nilichora mlango hewani kwa mikono, nikaonyesha mimi mbele, yeye nyuma, nikaonyesha bega kwa bega. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayecheza ngoma msibani. Nikaacha. Nikatoa zile noti mbili, nikamnyooshea. Hakuzipokea. Alizitazama zilivyo kiganjani mwangu, akanitazama usoni, akasema sentensi ambayo niliielewa yote, labda kwa sababu alitaka niielewe. Alisema angekuwa amekuja kwa ajili yangu angeondoka leo hii. Hakuja kwa ajili yangu. Amekuja kwa ajili ya msichana.

Kisha akauliza, bahari iko wapi.

Nikaonyesha tulikotoka. Akaanza kupanda, nami nikafuata, nyuma yake, hatua kama kumi, kwa kuwa kila nilipokaribia aliongeza mwendo. Fire tulimkuta mdogo wangu amekaa kwenye ukingo wa barabara, kitenge amekikumbatia. Alipoona viatu vya mkwe alifungua mdomo, mkwe akainua mkono, basi. Tukapanda gari mpaka Kivukoni. Pale soko la Feri, harufu ya samaki wa mnada ikatupokea, nikangoja aweke kitambaa puani ili nipate cha kumchukia. Hakuweka. Kwenye pantoni alisimama mbele kabisa, upepo unampiga, akapanua miguu kama mtu aliyezaliwa humo. Ndio wakati pekee nilioona mabega yake yameshuka.

Tulifika nyumbani saa nane na nusu. Mjomba alikuwa ameketi kwenye mkeka, kanzu yake ya kanisani imenyooshwa, hakutaja kuchelewa. Mdogo wangu wa kiume alileta maji, mkwe akanawa mikono, kisha bila kuulizwa akanawa na miguu. Mjomba alilipenda jambo hilo. "Huyu amelelewa," akasema.

Kitenge kikatandikwa. Mkwe akaeleza alichokijia, mdogo wangu akatafsiri, akiona haya kwa kuwa anajitafsiri mwenyewe. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho. Kisha ikaja ile hatua ambayo mimi, kwa mbio zote zile, nilikuwa nimeisahau.

Kwetu, kabla mjomba hajatoa neno, humwuliza anayeomba: umekaa na ndugu wa binti, umewaonaje? Una neno juu yao? Kama lipo, liseme sasa. Likisemwa, kikao kinasimama mpaka liishe, iwe siku, iwe mwezi. Lisiposemwa, limezikwa. Lakini aliyelizika asije akalifukua ndani ya ndoa.

"Mwulize," mjomba akasema. "Na mwambie pia huyu mkubwa wao ni nani. Mwambie huyu aliacha shule ili wenzake wasome. Mwambie miaka yote hii mjini, katika mji huu wa wezi, hajawahi kula cha mtu."

Mdogo wangu akainama. Alitazama mkeka.

"Tafsiri," mjomba akasema.

Akatafsiri. Nilijua amefika sehemu ile kwa jinsi mkwe alivyoinua macho. Hakumtazama mjomba. Alinitazama mimi. Nje kulikuwa na jogoo na redio ya jirani. Nilifikiria kusema mwenyewe. Nasema kweli, nilifungua mdomo. Lakini kikao kingesimama, na ndege ilikuwa kesho, na mdogo wangu alikuwa ameshika pindo la kitenge kwa mikono miwili.

Mkwe akamwinamia mdogo wangu, akamwuliza kitu. Mdogo wangu akamjibu kwa sauti ya chini, mara mbili. Kisha mkwe akamgeukia mjomba, akasema kwa Kiswahili, kwa ulimi mzito, "Sina neno."

Mjomba akapiga makofi kwa furaha. Neno likatoka. Tukala pilau. Mkwe alikula sahani yake yote, na kila nilipomsogezea kitu hakukipokea mpaka kipitie mkononi mwa mdogo wangu.

Jioni, jua bado lipo, mimi na mdogo wangu tulimsindikiza mpaka pantoni. Pale ukingoni akasimama, akamwita mdogo wangu karibu, na safari hii alimwambia atafsiri kila neno, asipunguze.

"Anasema leo amesema uongo mbele ya mzee mwenye heshima," mdogo wangu akaanza. "Anasema ameusema kwa ajili yangu, si kwa ajili yako. Anasema hakupendi. Anasema... Dada, anasema kwao uongo wa namna ile ni mzigo wa aliyeusababisha. Hataki pesa yako. Anataka umwambie mjomba wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kilichotokea dukani."

"Mwambie nitamwambia."

"Anauliza lini."

"Akishapumzika na safari."

Mkwe alisikia, akatikisa kichwa, akapanda pantoni bila kuaga.

Zile noti nilizirudisha kwa Mangi. Alicheka, akasema winga anayerudisha cha juu ameugua, akaninunulia soda. Mdogo wangu ameolewa. Picha zilikuja, wamesimama kwenye ngazi nyingi za mawe, mkwe yuko pembeni na kile kitenge cha buluu begani. Mjomba alishapumzika na safari, akarudi Masasi, akavuna mbaazi, akapumzika tena. Hunipigia simu Jumapili akitoka ibadani. Kila mara namsikiliza, na kila mara nafikiria: nikimwambia, atasema neno lililotolewa juu ya jambo lililofichwa si neno. Namjua. Ataniita Masasi, atamwita na mdogo wangu kutoka Malta, ataanza upya, na sijui kama safari hii atamaliza. Nisipomwambia, kuna mwanamke asiyenipenda anayenibebea mzigo wangu kwenye ngazi za mji wake.

Mwezi uliopita mdogo wangu alipiga simu. Tuliongea habari za afya, habari za baridi, bei ya mchele. Kisha nikasikia sauti ya mkwe nyuma yake.

"Dada, mama anauliza kama umeshamwambia mjomba."

"Mwambie bado," nikasema.

Akamwambia. Nikasikia mlango ukifungwa huko kwao.